Uzoefu wangu: kuufikisha utafiti wa pweza kwenye Baraza la Madiwani

Kazi yangu iko katikati ya watafiti wa bahari na halmashauri za wilaya za pwani ya kusini ya Tanzania, pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU. Suala tulilolishughulikia zaidi ni kufunga miamba ya pweza kwa miezi mitatu, yaani kusimamisha uvuvi wa pweza kwenye eneo la mwamba ili wakue. Kisayansi linaeleweka. Pweza wetu wa miambani huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi na hukua haraka. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai pangoni, kisha hufa yakishaanguliwa. Kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, walianza kufunga mwaka 2004, na Kisiwa Panza kule Pemba wamefanya hivyo pia. Jambo hukwama kwa sababu matokeo hupelekwa kwa asiye na mamlaka, au hufika kikao kimeshapita.

Kwa hiyo kabla hata ya kushika mizani huwa nauliza: uamuzi huu ni wa nani? Uzito wa chini wa pweza anayeruhusiwa kuvuliwa, gramu 500, umo katika Kanuni za Uvuvi za 2009. Diwani hawezi kuugusa, hiyo ni kazi ya waziri. Kufunga mwamba kunaanzia kijijini: BMU inapanga, halmashauri ya kijiji inaandaa sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, inapita kwenye kata na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Ripoti inayosema tu "serikali iimarishe usimamizi" haina meza ya kutua. Humwomba mtafiti atenganishe mapendekezo yake: haya ya kijiji, haya ya wilaya, haya ya wizara.

Takwimu ndizo zinazotaka uangalifu mkubwa. Tunapima siku za bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, maana ndipo miamba inapotoka majini na wakusanyaji kuingia kwa wingi. Mizani ya kuning'iniza huhakikiwa kila asubuhi kwa jiwe la mizani la kilo moja. Ikikosea gramu 50, pweza wengi walio karibu na gramu 500 watahesabiwa upande usio wao. Andika kama pweza ni mzima au ameshatolewa matumbo. Dume hutambulika kwa mkono wa tatu wa kulia, ambao ncha yake haina vinyonyaji na ina mfereji mdogo. Wanawake wanaokusanya kwa miguu waandikwe mbali na wanaume wanaopiga mbizi: wapiga mbizi hufika kwenye maji ya kina na kuleta pweza wakubwa zaidi, na ukichanganya makundi hayo, wastani hauelezi mwamba wowote. Mwisho wa siku natafuta namba moja: kilo kwa mvuvi kwa siku. Hiyo diwani anaielewa bila kufafanuliwa.

Namba hiyo pekee haitoshi, kwa sababu hofu ya halmashauri ni mapato. Nenda kitengo cha mapato, omba makusanyo ya ushuru wa pweza mwezi kwa mwezi kutoka kwenye POS, mashine za kielektroniki za kukusanyia ushuru, uyaweke sambamba na uzito mliopima. Kisha onyesha kwenye ramani kwamba linalofungwa ni eneo moja la mwamba, na kwingine uvuvi unaendelea. Hapo ndipo mjadala hubadilika.

Karatasi yenyewe iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili, na Afisa Uvuvi wa wilaya aiandikie dokezo kwa Mkurugenzi. Inapita timu ya menejimenti, Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira, halafu Baraza, ambalo hukutana kila robo mwaka. Usipowahi makabrasha, umesubiri miezi mitatu mingine. Na kama kuna fedha za doria ndani yake, kumbuka mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mimi hupenda Afisa Uvuvi awe na karatasi hiyo mkononi kufikia Oktoba ya kabla yake. Gharama ziandikwe kwa shilingi: mafuta ya boti, maboya ya mipaka, posho za walinzi.

Vijiji jirani viitwe kabla ya kufunga. Mwamba mmoja huvuliwa na vijiji viwili au vitatu, na aliyeachwa nje ya kikao ndiye atakayeingia usiku.

Siku ya kufungua ipangwe ianguke kwenye bamvu, si maji mafu, yaani siku ambazo maji hayakupwi sana, la sivyo watu watarudi mikono mitupu na kusema utafiti umewadanganya. Wanunuzi waarifiwe mapema, zaidi ya mmoja, na barafu iwepo. Pweza wakiwa wengi na mnunuzi mmoja, bei huanguka asubuhi hiyo hiyo. Mtafiti awepo ufukweni apime kwa fomu ile ile ya mwanzo. Nakala moja ibaki kwa katibu wa BMU, nyingine iende kwa Afisa Uvuvi siku hiyo hiyo, iingie kwenye taarifa ya robo mwaka inayofuata.