Kauwanja kameisha, jua nalo!
Wadau, hatimaye kauwanja ka watoto hapo nyuma ya nyumba kameisha, mita 6 kwa 10 tu. Mimi nilidhani ni kutandika kapeti ya nyasi za plastiki na kwenda zangu, kumbe kazi yote iko chini, huu udongo wetu mweusi wa Kisumu ukinyeshewa unavimba, jua likiwaka unapasuka, kwa hivyo tuliuchimba tukautoa, tukamwaga muramu na kokoto, tukashindilia siku mbili mpaka mgongo ukalia, na mteremko kidogo maji yasisimame. Kapeti yenyewe ilikuwa siku moja, gluu kwa maungio, mchanga juu, brashi. Sasa saa nane mchana hakakanyagiki bila viatu, kanachoma kama sufuria 😂 Mama watoto anasema angepanda sukuma hapo.