Soda ya kwenye kivuko

Asubuhi ile ya mwaka 2021 nilitoka nyumbani Kirumba, Mwanza, bila kutia kitu tumboni. Usiku wa kuamkia siku hiyo pia sikula. Sikuwa nimefunga, wala chakula hakikukosekana. Nilikuwa naogopa choo. Ilikuwa wiki yangu ya pili ya kumeza metfomini kwa ajili ya PCOS, tatizo la homoni linalovuruga hedhi, na dawa ile iliniharisha mpaka nikajua kila choo kati ya Kirumba na Makoroboi nilikokuwa nashona. Siku hiyo nilikuwa navuka kupeleka sare za kwaya Sengerema, magauni 14. Nikaona heri nisile, tumbo litulie. Kidonge cha miligramu 500 nikakimeza na maji matupu. Bahasha ya duka la dawa iliandikwa 1x2, basi. Habari ya kumeza katikati ya chakula hakuna aliyeniambia.

Dawa yenyewe niliisubiri miaka. Hedhi ilikuwa inapotea miezi minne, mitano, ndevu zinaota kidevuni, na shingo kwa nyuma imekuwa nyeusi kama haijaoshwa. Tangu niko sekondari mama alikuwa ananisugua pale kwa dodoki. Haikuwa taka. Daktari aliponieleza kwamba weusi ule ni alama ya mwili usioisikia vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kwa hiyo kongosho linaimwaga kwa wingi, nililia palepale kwa kuwaza ngozi yangu ilivyochubuliwa bure. Akanishauri nipunguze sukari na wanga. Mimi sikupunguza, nilikata. Ugali, wali, viazi, chai ya sukari, vyote nikavifuta siku moja.

Basi nikabeba shangazi kaja langu, nikaenda kwa miguu hadi Kamanga feri, maana nilikuwa nataka kupunguza kilo za mwili. Kivuko kilipoondoka, Jiwe la Bismarck bado linaonekana karibu, jasho likaanza kunitoka. Jasho la baridi, linateremka mgongoni wakati upepo wa ziwa unavuma. Tiketi nilishindwa hata kuikunja kwa jinsi vidole vilivyotetemeka. Moyo mbio, midomo ganzi, sauti za watu nazisikia kwa mbali.

Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Dada huyu ana mimba." Neno hilo lilinichoma kuliko hali yenyewe. Mimba ndiyo niliyokuwa naihangaikia.

Mama wa makamo aliyekaa pembeni yangu akanishika mkono, akausikia ulivyolowa. "Mwanangu, umekula?"

Nikatikisa kichwa.

"Kuna dawa unatumia?"

Nikamtajia. Akafungua pochi, akatoa mashine ndogo ya bluu ya kupimia sukari na kisindano ambacho hakijafunguliwa. Akaniinulia nikione kwanza. Tone la damu, sekunde chache, 3.1. Alinielekezea kioo nisome mwenyewe. Ikiwa chini ya 3.9, akasema, sukari imeshuka mno, hatubishani. Akaagiza soda kwa aliyekuwa anauza.

"Mama, mimi nimekatazwa sukari."

"Mwanangu, mimi nina kisukari mwaka wa tisa huu. Aliyekukataza sukari hakukutuma ukafe majini. Kunywa."

Nikanywa nusu chupa, akaniondolea mdomoni. Tusubiri robo saa, alisema, ukinywa yote kwa pupa itapanda kisha itakuangusha tena. Robo saa ile alikaa kimya ameushika mkono wangu, anatazama saa ya simu. Jasho likaanza kukauka. Akanipima tena, 4.8. Stripu mbili zake, vile vijikaratasi vya kudondoshea damu, zimekwisha kwangu, na najua sasa zinavyouzwa ghali. Pesa alikataa. Akafungua fundo la pindo la kanga, mlikuwa na pipi nne, akanipa mbili.

Tuliposhuka ng'ambo hakuniacha niende kituoni. Alinikalisha kibandani nikala mayai mawili ya kuchemsha na chapati, na yeye amesimama. Soda inapandisha, akasema, ila haikai. Chakula ndicho kinachoshikilia.

Baada ya siku tatu nilirudi kwa daktari. Hakunigombeza. Alisema metfomini peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi kile: kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi na kuusaidia mwili uisikie insulini. Mimi nilikuwa nimelala njaa, nimeamka na njaa, nimebeba mzigo kwa miguu, halafu nikaongeza kidonge. Akaniandikia vile vinavyoyeyuka polepole, kimoja tu katikati ya chakula cha jioni, tupandishe taratibu. Na ugali akanirudishia, kipande cha ukubwa wa ngumi, na sato au dagaa pembeni, mboga nyingi. Nililia tena, safari hii kwa sababu ya ugali. Kuharisha kukaisha ndani ya wiki chache.

Mwezi uliofuata nilivuka tena na sare nyingine, nimeshiba. Nilizunguka mabenchi yote ya kivuko namtafuta. Jina lake sikuuliza, ila mashine yake nilikuwa nimeikariri, na kwenye shangazi kaja, juu ya magauni, nilikuwa na kikopo kizima cha stripu zake.