Karatasi Tatu za Jumapili ya Matawi

Kabla ya Jumatano ya Majivu tunakusanya matawi makavu ya mwaka uliopita, tunayachoma, kisha majivu yanachekechwa mpaka yawe laini. Ile harufu ya kuti kavu linaloungua hunirudisha kila mara kwenye Jumapili ya Matawi ya 2016, tarehe 20 Machi, siku ya uchaguzi wa marudio Zanzibar.

Mnayajua yaliyotangulia. Tarehe 25 Oktoba 2015 tulipewa karatasi tano: Rais wa Muungano, Mbunge, Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akazifuta zile tatu za Zanzibar. Mbili za Muungano, zilizopigwa kwenye foleni ileile na kwa vidole vilevile, zikasimama, na tarehe 5 Novemba Magufuli akaapishwa. CUF, chama kikuu cha upinzani Zanzibar, ikasusia marudio. Tume ikasema kujitoa kwao hakukufuata utaratibu, kwa hiyo majina yanabaki. Mpiga kura angemkuta kwenye karatasi mtu aliyekwishasema hagombei.

Wakatoliki wa nchi nyingine husumbuliwa na swali la nani wa kumpa kura, hasa chama kimoja kinapotetea utoaji mimba na kingine kinapokanyaga maskini. Huku kwetu vyama vilibishana juu ya Muungano, mamlaka ya Zanzibar, ardhi na ajira. Katika mambo hayo Kanisa halina jibu moja la kumpa muumini. Linamwachia busara yake. Kilichotusumbua sisi ni kama twende au tusiende.

Jumuiya yetu ilikutana katikati ya wiki. Katekista, tunayemwita Mwalimu, alikuja na Katekisimu ya Kanisa Katoliki akafungua namba 2240: kulipa kodi, kutumia haki ya kupiga kura na kuilinda nchi ni wajibu wa kimaadili. Mzee mmoja akafunga miwani yake. "Basi limekwisha hilo, Mwalimu. Tunakwenda."

"Bado, mzee wangu."

Akaeleza kwamba amri inayokukataza uovu inakufunga saa zote. Amri inayokuagiza jema inakufunga pia, lakini ina wakati wake na hali yake. Mgonjwa aliyelazwa hatendi dhambi kwa kukosa Misa. Aliyetaka kubaki nyumbani alihitaji sababu nzito, na uvivu haukuwa mojawapo. Wala hasira peke yake haitoshi, akaongeza, na hapo baadhi yetu tulitazama chini.

Kisha akatupa maswali ya namba 1750: tendo lenyewe ni lipi, nia yako ni ipi, mazingira yakoje. Kutia alama ya vema kwenye karatasi si tendo ovu. Nia ndiyo inayoleta kazi. Anayepiga kura kwa sababu anafurahia jirani yake kunyimwa haki ameshiriki ubaya huo kwa moyo wake. Aliyeona utaratibu una kasoro, hakuukubali, lakini akaenda ili mtaa upate diwani, amesimama mbali zaidi. Huyo anatakiwa kuwa na sababu inayolingana na uzito wa kasoro, na kuhakikisha kwamba hawakwazi wengine. Anayebaki nyumbani naye apimwe hivyohivyo, maana kususia nako ni tendo, lina nia yake na matokeo yake.

Mama mmoja akasema lile ambalo wengi tulilifikiria: sisi Wakristo ni wachache hapa, tuchague watakaotulinda. Hakuna aliyemcheka. Tangu Padri Evarist Mushi alipouawa kwa risasi Februari 2013, mtu hakuingia kanisani bila kutazama nyuma. Mwalimu, ambaye ujana wake ulipita vyomboni baharini, akamjibu kwamba dira ya nahodha ikiwekwa karibu na chuma inaonyesha upande kwa uhakika uleule, ila upande si huo. Hofu ni chuma. Uisogeze kando kwanza, ndipo usome. Akasema usalama wetu ni sehemu ya manufaa ya wote, sawa, lakini Mwislamu wa mlango wa pili anayedai kura yake ya Oktoba ni sehemu ya hao wote.

Tukambana atuambie afanyeje mtu. Alikataa. Padri naye, kwa sheria ya Kanisa, hana ruhusa ya kuwa mwanaharakati wa chama, na wetu hakuthubutu hata kutaja rangi ya bendera.

Kwa kuwa Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili, wengi tulikwenda hiyo. Mwaka ule Mateso yalisomwa kutoka Injili ya Luka, na sehemu ya umati husemwa na waumini. Tukasema kwa pamoja, wa kwenda na wa kutokwenda, "Mwondoe huyu, utufungulie Baraba." Msimulizi akaendelea: sauti zao zikashinda. Palikuwa na ukohoaji mwingi kidogo.

Asubuhi nilikwenda kituoni. Askari walikuwa wengi, foleni fupi. Karani akatafuta jina kwenye daftari, akalisoma kwa sauti ili mawakala wasikie, nikapewa karatasi tatu nikaingia kwenye kituturi, kile kibanda cha kupigia kura kwa siri.

Ndani ya kituturi mtu hana haraka, ila anaona kama ana haraka. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi mfupi, hivyo karatasi lazima uisogeze wewe. Nikaanza na ya Diwani kwa sababu ndiyo iliyonipeleka: mtaro, maji, taka za soko. Nikatia vema, nikaikunja. Ya Mwakilishi nilikaa nayo. Wagombea niliwajua kwa sura tu. Nikajiuliza kama ninachokiita kutojua ni kutojua kweli au ni uvivu wa kutouliza wiki nzima, maana Katekisimu haimsamehe kirahisi mtu aliyekosea kwa kutojali kutafuta ukweli. Ya Rais ikawa ya mwisho. Majina yote yalikuwepo, la mgombea aliyesusia pia, na picha yake inatazama mbele kama wengine. Nilijua sheria: karatasi isiyo na alama huhesabiwa miongoni mwa zilizoharibika, haihesabiwi kuwa pingamizi, na hakuna atakayejua iliachwa wazi kwa dhamiri au kwa kutojua kuandika. Ukikosea unaweza kuirudisha kwa msimamizi upewe nyingine, mradi hujaitumbukiza. Nje karani alikohoa. Katika zile mbili nilifanya nilichokiamua. Ni siri yangu na ya sanduku. Zote tatu zikaingia, kidole kikachovywa wino.

Jumatatu matokeo yakatangazwa: Dokta Shein wa CCM, Rais aliyekuwa madarakani, asilimia 91.4, na Maalim Seif wa CUF, aliyesusia, asilimia 1.9.

Jumuiya ilipokutana tena, wenye wino na wasio na wino tulikaa mkeka mmoja. Yule mama alikuwa hana wino. Mzee wa miwani alikuwa nao. Mama akauliza kama akaungame kabla ya Pasaka kwa kutokwenda. Mwalimu akamuuliza alibaki kwa nini. Akasema alikaa na swali lake mpaka usiku, hofu akaiweka kando, akaona hawezi kwenda bila kumkana jirani yake. Mwalimu akamwambia namba 1790 inamtaka mtu atii hukumu ya hakika ya dhamiri yake, na kitubio ni cha dhambi unayoijua.

"Na mimi niliyekwenda?" mzee akauliza. "Mimi nami nilikuwa na hakika."

Mwalimu akafungua kitabu, akatafuta kwa muda, akakifunga bila kusoma kitu. Akasema wote wawili hawawezi kuwa wameona sawasawa kuhusu jambo lenyewe, lakini wote wawili wanaweza kupokea Komunyo. Mzee akamwambia hilo si jibu. Mwalimu akakubali, akaomba mtu aanzishe rozari.