Siku moja maishani mwangu: Desemba kwenye dawati la matamko

Saa 11 alfajiri niko macho, saa 12 na robo nimebanwa kwenye basi la mwendokasi la Kimara, saa moja na nusu nashuka Posta ya Zamani. Chai na mihogo pale kona. Hapo hakuna la kusimulia.

Nieleze kazi kwanza, maana mtaani wanaijua vibaya. Mangi wa duka la mtaani akiniona ananitolea risiti hata ya kiberiti. Anadhani mimi ni TAKUKURU. TAKUKURU wanachunguza rushwa. Sisi, Sekretarieti ya Maadili, tunashughulika na maadili ya viongozi wa umma: Sheria Na. 13 ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi, awe Rais au diwani, atamke mali na madeni yake anaposhika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Mimi ni karani tu. Sina pingu, nina mhuri na kompyuta.

Saa 2 mpaka saa 4: nywila zilizosahaulika, fomu zisizo na sahihi, simu zinazokatika.

Saa 4 na dakika chache akaingia diwani mmoja, suti ya kijivu, jasho kidevuni. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba binti, nisaidie haraka, nina kikao." Fomu yake ilikuwa na nyumba moja, gari moja, basi. Nikamuuliza kuhusu mali za mwenza.

"Mke wangu ana biashara zake. Mimi siingilii."

"Mheshimiwa, sheria inataka mali yako, ya mwenza wako, na ya watoto walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa."

Akavuta kiti karibu. Sauti ikashuka. Kumbe kuna nyumba Kigamboni, iko kwa jina la bi mdogo, na bi mkubwa hana habari. Si kwamba anaificha serikali, anasema, anaificha sebuleni kwake.

Tukaanza mzunguko. Akiiandika, nani ataiona? Nikamweleza kuwa kuna daftari la matamko, na mwananchi mwenye malalamiko ya kweli anaweza kuomba kulikagua. "Bi mkubwa naye ni mwananchi?" Nikasema ndiyo, Mheshimiwa. Akapangusa jasho. Akauliza kama anaweza kuandika "nyumba ya familia" bila kutaja mahali. Hapana. Kama naweza kumjazia mimi, yeye asionekane kaijaza. Hapana. Akatoka kupiga simu, akarudi, akaanza upya kana kwamba hatujawahi kuonana. Kutoka "binti" nikawa "mwanangu", kutoka "mwanangu" nikawa "dada yangu", na nyuma yake foleni imeshafika mlangoni, feni inasukuma joto tu. Huku kuvumilia huku ndiko kazi yenyewe, hakumo kwenye mshahara.

Aliijaza. Saa ngapi, sikuangalia.

Wali maharage niliula umepoa, na mzee wa masjala pembeni. Yeye alikuwepo ukumbi wa Karimjee mwaka 2015, Baraza la Maadili chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi liliposikiliza mashauri ya viongozi waliotajwa kwenye sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Watu wanaikumbuka ile kwa kamera. Yeye anakumbuka majalada aliyoyabeba.

Zamani nilidhani kumpa jaji kiti cha Kamishna wa Maadili, mkuu wa ofisi yetu, ni heshima ya uzeeni. Jaji Harold Nsekela alitokea Mahakama ya Rufani, na Jaji Sivangilwa Mwangesi, aliyeteuliwa mwaka 2021, naye alitokea huko huko. Lakini fikiria kazi ya Rufani: kwa kawaida shahidi hapandi kizimbani, majaji wanasoma kumbukumbu za kesi na kusikiliza mawakili, wanatafuta pale ambapo karatasi moja inaikana nyingine. Tamko la mwaka jana dhidi ya la mwaka huu ni kazi ile ile. Tofauti ni kwamba huku hakuna joho, na mwenye karatasi anaweza kuwa bosi wa mtu fulani mkubwa.

Mchana uliobaki sikumbuki mpangilio wake. Mhuri, mhuri, mgongo, mhuri. Jioni nilisimama kwenye mwendokasi mpaka Kimara.

Saa 2 usiku simu ikaita. Diwani.

"Dada yangu, na shamba la Mkuranga? Lile la minazi. Nalo linahesabika?"

"Linahesabika, Mheshimiwa. Mwisho ni tarehe 31."

"Basi nakuja kesho."