Mabano ya mraba yaliyozificha stakabadhi za korosho

Wiki iliyopita, hapa Mtwara mjini, nilikesha nikitafuta faili ambazo nilikuwa nikiziona kwa macho yangu. Nilikuwa naandika programu ndogo kwa lugha ya Python ya kukusanya stakabadhi za korosho za wakulima kutoka kwenye folda iliyoitwa "Newala [2023]", na kila nilipoiendesha ilinirudishia orodha tupu bila ujumbe wowote wa kosa, jambo ambalo kwangu ndilo baya kuliko yote.

Chanzo kilikuwa yale mabano ya mraba. Katika kulinganisha majina ya faili, kinyota husimama badala ya herufi zozote, alama ya kuuliza badala ya herufi moja, na mabano ya mraba humaanisha herufi moja tu kati ya zilizomo ndani yake. Kwa hiyo programu ilikuwa ikitafuta "Newala 2", "Newala 0" au "Newala 3", folda ambazo hazikuwepo. Nilijaribu kutanguliza mkwaju wa nyuma (\) ili mabano yasomwe kama alama za kawaida, lakini glob, moduli ya Python ya kutafuta faili kwa majina, haiutambui kwa kazi hiyo. Inabidi alama yenyewe ifungwe ndani ya mabano, yaani [[] badala ya [, na tangu Python 3.4 kazi hiyo hufanywa na glob.escape. Niliipitishia njia ya folda peke yake, nikaacha *.csv, yaani sehemu inayotafuta faili zote zinazoishia na .csv, nje ili kinyota kibaki na nguvu yake, na stakabadhi zote zikajitokeza.

Ningeweza kubadilisha jina la folda, lakini makarani wa ushirika wamelizoea, na si haki kuwabebesha udhaifu wa programu yangu.