Bomba halijafungwa

Wiki hii kitindamimba kafaulu mtihani wake, idara yetu imevunjwa rasmi, na Baba Watoto karudi safari na homa. Nilikusudia kuyaandika yote hayo kwa kirefu. Kila nikianza, ananijia shangazi.

Alikuja kutujulia hali Jumamosi. Nikamtolea kiti nje, karibu na mlango wa jikoni, pale ambapo mtu akikaa bwawa lote liko mbele yake: mawe, yungiyungi, mtungi unaobubujika, na maporomoko yangu kule mwisho. Asubuhi ile nilikuwa nimeokota hadi jani la mwisho juu ya maji. Shangazi akakaa, akavua viatu, akanyoosha miguu, akatega sikio.

"Mbona kuna bomba halijafungwa huku?"

"Si bomba, shangazi. Ni maporomoko."

"Maporomoko?"

"Ya bwawa. Pale kwenye mawe."

"Aa."

Basi. Halafu akaulizia magoti ya mama.

Nimeyarudia maneno haya nikiosha vyombo, nimeyarudia njiani, nimeyarudia kwenye kikao kile kile tulichotangaziwa habari za idara, hadi mwenzangu akanigusa kiwiko kwa sababu nilikuwa nimeitwa jina. Ile "Aa" yake ilipanda au ilishuka? Mtu aliyependezwa husema "Aaa" ndefu, inayovutwa. Hii ilikuwa fupi, ya mtu aliyeelekezwa choo kilipo. Baba Watoto, katikati ya homa yake, ananiambia shangazi siku hizi hasikii vizuri. Kasikia vizuri mno, hapo ndipo penye kuuma.

Mliokuwa nami tangu enzi za shimo mnajua kilichozama pale. Urefu mita 3, upana 2, kina sentimita 60, na ngazi ya kuwekea mimea kuzunguka kingo. Turubai la mpira mtu hupigia hesabu hivi: urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 30 za kubana kila upande. Yaani mita 4.8 kwa 3.8. Kifunguamimba alisema ni kubwa kuliko chumba chake, na alisema kweli. Chini yake mchanga na zulia kuukuu, jiwe lenye ncha lisije likalitoboa. Kisha pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, nikikipitisha kwenye kingo asubuhi na jioni, kwa sababu maji hayana upendeleo. Ukingo mmoja ukishuka vidole viwili, maji yanamwagikia huko, na ng'ambo ya pili turubai jeusi linabaki wazi linakutazama.

Mtungi ulikuwa rahisi. Toboa kitako kwa keekee taratibu huku unamwagia maji ili usipasuke, pitisha bomba dogo, ziba kwa silikoni ile isiyo na dawa ya kuua ukungu (dawa hiyo samaki hawaiwezi), iache ikauke vizuri kabla ya kujaza. Maporomoko ndiyo yalinila. Mdomo wake una sentimita 20, na kwa kawaida inakadiriwa lita 150 kwa saa kwa kila sentimita ya upana ili maji yashuke kama pazia na yasilambe mawe. Hiyo ni lita 3,000 kwa saa. Pampu nayo ina namba yake kubwa kwenye boksi, ambayo ni ya maji yasiyopandishwa popote. Ukiyapandisha mita moja, namba inapungua, na kila kona ya bomba inapunguza tena. Nilichagua pampu kubwa zaidi kwa sababu hiyo, na pazia likatokea, laini, halikatiki. Nililipenda sana pazia lile. Nalo ndilo lililoitwa bomba.

Basi usiku nikawa nasoma habari za sauti ya maji, mtu mzima mwenye kazi yake (kwa sasa). Kumbe kinacholia zaidi ni hewa. Mwaka 1933 mwanafizikia Marcel Minnaert alieleza jambo hili: maji yakipiga maji mengine hunasa hewa chini, kiputo kinabanwa na kutanuka upesi sana, na mtetemo huo ndio unaotufikia masikioni. Kiputo chenye kipenyo cha milimita 6 na nusu hivi hutetema karibu mara 1,000 kwa sekunde. Kikiwa kikubwa zaidi sauti inakuwa nzito, kikiwa kidogo inakuwa nyembamba. Nikaenda nje na tochi. Pazia langu lilikuwa linaangukia jiwe bapa lililofunikwa na maji kidogo tu. Sauti moja, nyembamba, isiyopumua. Nikaliondoa lile jiwe ili maji yaangukie penye kina, nikapanga kokoto mdomoni yagawanyike mikondo mitatu isiyolingana, na palepale sauti ikashuka, ikawa inabadilika-badilika. Nilisimama pale na nguo za kulalia, nimelowa hadi magotini, namjibu shangazi kimoyomoyo: haya, sema tena bomba.

Sasa sikilizeni.

Kwa siku kadhaa maji yalikuwa yanashuka kuliko jua linavyoweza kuyanywa. Njia ya kujua kama bwawa linavuja ni ya ndoo: unachota maji ya bwawa, unaiweka ndoo kwenye ile ngazi ya mimea ili nayo iwe majini, unatia alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na nje, unazima pampu, unasubiri saa 24. Jua na upepo vinakunywa pote sawasawa. Bwawa likishuka kuliko ndoo, turubai limetoboka. Vikishuka pamoja, turubai ni zima, tatizo liko huko maji yanakopitishwa.

Nikazima pampu usiku. Kimya kikatanda uani, na katikati ya kile kimya nikasikia maji.

Nilidhani ni masikio yangu yamezoea. Nikafuata sauti. Ikanipeleka hadi kwenye bomba la ukutani, nyuma ya mlango wa jikoni, lile la kuungia mpira wa kujazia bwawa. Linachuruzika wembamba wa uzi, moja kwa moja mferejini, hata halilowanishi sakafu. Nikakaza, halikazi. Kile kiraba cha ndani kimekwisha. Kutoka pale hadi alipokuwa amekaa shangazi ni hatua mbili. Sisi wa nyumbani tulikuwa hatulisikii, maporomoko yanalifunika.

Nilicheka peke yangu gizani hadi kitindamimba akafungua dirisha kuuliza nina nini. Nikamwambia bomba halijafungwa. Akajibu, "Si ndivyo alivyosema bibi?" Akafunga dirisha, akarudi kulala na ushindi wake wa mtihani.

Tangu hapo nimekuwa na furaha ya ajabu. Kiraba nimebadilisha. Ndoo na bwawa vilishuka pamoja, kwa hiyo turubai ni zima, na mwizi nimemwona: upande wa kushoto wa maporomoko maji yalikuwa yanatambaa chini ya jiwe, yanapanda mkunjo wa turubai, yanaingia kwenye udongo. Nimeinua ukingo wa turubai na kuujazia udongo nyuma yake, na nafasi kati ya mawe nimepulizia lile povu linalovimba likikauka. Wavu nao uko mahali pake, kwa ajili ya mtoto wa jirani aliyeanza kutembea. Mtoto wa umri ule maji ya sentimita chache tu yanaweza kumzamisha, hapo sina mzaha. Na jana mchana kereng'ende alikuja, mwekundu, akawa anachovyachovya mkia juu ya maji karibu na yungiyungi. Anataga! Watoto wao hukaa majini na hula viluwiluwi vya mbu, ambao kwenye maji yaliyotuama hutoka yai hadi mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 kukiwa na joto. Nilikuwa na wasiwasi na kile kipembe nyuma ya mtungi kisichofikiwa na mkondo. Sasa kimepata mlinzi, naye hajaniomba maelezo yoyote.

Lakini turudi kwa shangazi. Swali lake limejibika. "Aa" haijajibika. Kama aliuliza bomba la kweli, nami nikamjibu maporomoko, basi "Aa" ile ilikuwa ya nini? Huenda moyoni alikuwa anasema: mtoto huyu wa kaka yangu, namwonyesha maji yanapotea, ananionyesha mawe. Na kama ni hivyo, maporomoko hakuyasikia kabisa, si kwa ubaya wala kwa uzuri. Sijui lipi afadhali. Nilimpigia simu nimwambie bomba nimelitengeneza. Akasema, "Vizuri, mwanangu." Nikangoja. Akaulizia magoti ya mama.

Baba Watoto anasema safari ijayo tumweke kiti upande wa pili. Homa imemshuka, anajiona mtu wa mashauri.

Jingine. Bosi mpya, yule tuliyeambiwa atatupokea, kanitumia ujumbe saa tatu usiku: Jumatatu niende na nakala ya mkataba wangu wa kwanza. Wa kwanza, si huu wa sasa. Nimepekua sanduku lote la karatasi. Nimekuta kadi ya chanjo ya paka aliyekufa zamani, risiti ya pampu, na barua ya kupandishwa cheo. Mkataba sijauona, na wenzangu wawili niliowauliza hawakuambiwa walete chochote.