Siku Nilipoisikia Kasi ya Gololi

Mwalimu wetu wa vipimo hakuwa mtu wa ubao. Siku hiyo aliingia maabara na kibati chenye vijicho viwili vya chuma: kimoja hutoa sauti ya kilohezi 40 (mitetemo 40,000 kwa sekunde), kingine huipokea inaporudi. Sikio la binadamu hukomea kilohezi 20 hivi, kwa hiyo hatukusikia chochote.

"Mwalimu, mbona kimya?" akauliza mwenzangu.

"Kwani kuna kinachotembea?"

Akausogeza mkono kuelekea kibati. Spika iliyokuwa mezani ikavuma, mvumo ukapanda alipoharakisha, ukazama aliposita. Saketi ilikuwa inachanganya sauti iliyotoka na mwangwi wake, kisha inatubakizia tofauti ya masafa yao, yaani ya idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kitu kikija kwa mita 1 kwa sekunde, tofauti hiyo ni hezi 233 hivi, kwa kuwa sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, na masafa hupanda kwa hatua mbili: mawimbi yanapokifikia kitu, na yanaporudi.

Tukataka ushahidi. Tukaning'iniza gololi kubwa ya chuma kwa uzi, tukaivuta kando mpaka ikapanda sentimita 5, tukaiachia. Kwa hesabu ya nishati, ikipita chini kabisa inakuwa na mita 0.99 kwa sekunde. Kwenye osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi kwenye skrini, mawimbi yakabanana gololi ilipokaribia katikati, yakaachana ilipofika ukingoni. Tukayahesabu pale yalipobanana zaidi: karibu hezi 230! Hoja ya Christian Doppler ya mwaka 1842, kwamba mwendo hubadilisha masafa ya mawimbi, nilikuwa nimeikariri, pamoja na wapiga tarumbeta ambao mwanasayansi Buys Ballot aliwapandisha treni kule Uholanzi mwaka 1845 ili kuijaribu, ila kwangu ilikuwa habari ya mtihani tu (na wale wapiga tarumbeta nilidhani ni chumvi).

Kisha mwalimu akakihamisha kibati, kikawa kinaitazama njia ya gololi kwa pembe ya nyuzi 60. Kasi ileile, masafa nusu, kwa kuwa kibati husikia tu sehemu ya mwendo inayokielekea au kukiacha. Alipokiweka pembe mraba, mvumo ulikaribia kufa kila gololi ilipopita katikati. Tangu hapo, mtu akinitajia kasi iliyopimwa kwa mwangwi, namuuliza pembe kwanza.

Nikamwambia mwalimu kwamba mvumo ni uleule, gololi ije au iende.

"Hapo unataka saketi ya pili," akasema, "iliyo nyuma kwa robo ya wimbi. Ukilinganisha hizo mbili, utajua inakuja au inaenda. Lete waya."

Tukaijenga jioni ileile.